Stima ya Saa Ingine

Mimi si mtu wa kuandika. Kwa miaka thelathini na minne nimeandika risiti, na alama za waya kwa penseli juu ya kuta za watu, basi. Lakini tangu niache kazi, mafundi wadogo wa Migori hawaachi kunipigia simu, na swali ni lile lile: "Mama, kuna nyumba stima inapotea na kurudi. Nimepima kila kitu, sioni kitu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nitaandika mara moja, msome, halafu mniache nipalilie karanga zangu.

Stima ikipotea kabisa, hiyo haihesabiki kama kazi. Unafuata waya mpaka ulipokatika, unaunga, unaenda nyumbani. Kazi ni pale mwenye nyumba anapokuambia, "Inapotea saa ingine." Unamuuliza saa gani. Anakuambia, "Saa ingine tu." Unamuuliza ni asubuhi au jioni, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Anakutazama kama mtu anayeulizwa jina la kuku wake. Halafu unapanda darini, na stima inawaka kama siku ya harusi mpaka utakapofunga mkoba na kuvuka barabara. Neno hilo, saa ingine, limenizeesha kuliko ngazi na joto la mabati vikiwekwa pamoja.

Nilianzia Homa Bay, chini ya Mzee Ogola, fundi Msabato aliyekuwa na mguu mmoja mbovu na masikio mazuri sana. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kwa nesi mmoja mtaani. Nesi alifungua mlango, akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Huyo hapo mbele yako," Mzee Ogola akasema. "Mimi nimekuja kunywa chai."

Na kweli aliketi akanywa chai. Nusu saa nzima anauliza maswali. Taa zinacheza ukiwa jikoni au sebuleni? Watoto wameshatoka shule? Unakuwa unafanya nini? Mimi nimesimama na bisibisi mkononi nachemka ndani kama sufuria, kwa sababu nilitoka chuo cha ufundi nikijua kwamba fundi ni mikono. Mwishowe nesi akasema kwamba mara nyingi taa hucheza akikaribia kumaliza kupiga pasi. Mzee akanionyesha soketi moja nyuma ya kochi. "Fungua hiyo." Nikafungua. Skrubu ilikuwa imelegea, na waya ulikuwa mweusi kama mkaa. Pasi ikichota stima kwa muda, hapo palipolegea panapata moto, na mguso unakuwa wa kubahatisha.

Njiani nikamwambia kwamba hata mimi ningeipata, ningefungua soketi zote mpaka niifikie.

"Ungeanza na zipi?"

"Za jikoni."

"Mpaka ufike kwa hiyo, ungesema ni kazi ya kesho. Na usiku ule watoto wa yule mama wamelala nyuma ya kochi linalowaka." Nilikuwa na hasira naye wiki nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ni mwongo. Itawaka kwa stima ya kuazima iliyoruka kutoka waya wa jirani, na utamwambia mtu waya wake ni mzima kumbe umekatika. Itumie kukorogea rangi. Tepu nyeusi si dawa ya kuunganisha waya, na anayeunga waya kwa tepu ndani ya dari kisha akafunga dari apewe adhabu ya kuishi chini yake. Mega ndiyo kifaa. Unazima kila kitu, unachomoa kila kitu, unasukuma stima ya nguvu kwenye waya na kupima kama ngozi ya waya inavuja. Yangu aliniachia Mzee Ogola alipostaafu. Nimeibeba mpaka kamba yake ikanichimba bega. Lakini hata mega inakuambia hali ya waya ilivyo dakika ile uliyopima. Haikuambii jana ulikuwaje. Hili niliambiwa, nikaitikia, nikadhani nimeelewa.

Nilipohamia Migori, wateja wangu wengi walikuwa upande wa Masara. Huko taa zilififia kila wakati mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilipoanza kunguruma, na kila mwenye nyumba aliniapia kwamba jirani anamwibia stima. Niliwahi kusimama kati ya wanaume wawili walioshikana mashati, nikiwaomba wanyamaze wasikie mashine. Mashine ilipolia, taa za wote wawili zikashuka pamoja. Waliachana mashati, na hakuna aliyeniambia asante. Mkitafuta shukrani, someeni kazi nyingine.

Sasa nifike kwa jambo ambalo hata wale niliowafundisha kwa mikono yangu sijawahi kuwasimulia.

Mwalimu Odek alikuwa amejenga nyumba nzuri ya mawe nje kidogo ya mji. Mke wake, Boke, alikuwa Mkuria, mfanyabiashara wa mahindi, mwanamke wa maneno ya haraka na mikono safi. Wao kwa wao walizungumza Kiswahili. Mama yake mwalimu, Dani Salina (dani ni bibi kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo), aliishi kisiwani Takawiri. Macho yalikuwa yanamsumbua, presha ya ndani ya jicho, na daktari wa Migori alitaka kumwona kila mwezi na kumpa dawa ya matone. Kwa hiyo kila mwezi alivuka ziwa, akapanda gari, akalala kwa mwanawe siku mbili tatu. Alipewa chumba cha nyuma.

Boke alinipigia simu. "Fundi, stima inapotea saa ingine." Nikapumua kwa nguvu, nikaenda. Breka kuu, ile swichi inayojikata yenyewe ikihisi stima inavuja, ilikuwa imejikata jana yake jioni. Mwalimu aliipandisha, ikakaa. Nilifungua kisanduku, nikakuta waya mmoja umelegea kwenye skrubu yake. Nikaukaza, nikafurahi, nikaenda zangu. Onyo kwenu: ukienda kutafuta kosa, lazima utapata kosa. Si lazima liwe lile ulilofuata.

Mwezi uliofuata Boke akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Fundi, inapotea mama akifika. Akiwa hayupo, mwezi mzima stima inakaa. Akiingia tu, inaenda."

Hapo ndipo ningeketi niitishe chai. Lakini siku hiyo nilikuwa na nyumba mbili zinaningoja, na nilikuwa nimeshaudhika kwamba kazi yangu ya kwanza haikushika. Dani Salina alikuwa ameondoka asubuhi. Niliingia na mega, nikapima nyumba nzima, chumba kwa chumba, saa tatu za jasho. Kila mahali sindano ilisimama pazuri. Nilifungua soketi zote. Nilipanda darini na kushuka na utando wa buibui kichwani. Hakuna.

Boke alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. "Kwa hivyo si waya?"

"Si waya," nikamwambia. "Nyumba yako ni nzima. Haina kasoro yoyote."

"Una hakika, fundi?"

Nikaudhika. "Mama, nimefanya kazi hii kabla hujaolewa. Nikisema si waya, si waya."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nilikusanya vifaa nikaondoka, na nilichofikiria njiani ni kiu yangu.

Miezi mitano ikapita. Mwalimu Odek akaniita niende nimfungie taa ya nje. Nilipokuwa juu ya ngazi nikamuuliza kwa mzaha, "Na ule ugonjwa wa stima?"

"Uliisha." Alikuwa anatazama chini. "Mama aliacha kuja."

Nikashuka ngazi. "Aliacha kwa nini?"

Hakutaka kusema, lakini Boke alikuwa ametoka jikoni na yeye hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Fundi, wewe ndiwe ulisema si waya. Sasa kama si waya ni nini? Mtu anaingia na mkoba, stima inakufa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nina watoto hapa. Nilimwambia kama kuna kitu anabeba kwa huo mkoba, asiulete kwangu."

"Ulimwambia hivyo mama mkwe wako?"

"Nilimwambia fundi amepima nyumba yote akaona ni nzima."

Niliketi kwenye ngazi ya mlango. Nimepigwa na stima mara nyingi maishani, na najua mkono unavyokufa ganzi mpaka begani. Maneno yale yalinipata vivyo hivyo. Mwanamke mzee alikuwa amefukuzwa kama mchawi, na shahidi mkuu wa kesi alikuwa mimi na mega yangu.

"Macho yake yanaendeleaje?" nikauliza.

Mwalimu akainama akaokota bisibisi yangu, akaipangusa.

Nikamwambia Boke, "Mama, ngoja kwanza na taa ya nje. Nionyeshe. Akifika, anafanya nini? Hatua kwa hatua."

Na Boke alijua. Hakuna shahidi mzuri kama mtu anayekushuku, kwa sababu hapepesi jicho. Alinipeleka chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo lililokuwa likifungwa mchana na usiku kwa sababu ya mbu. "Anaingia na mkoba wake, ule mkubwa wa ukindu. Anawasha taa. Anautundika mkoba hapo." Akaonyesha msumari ukutani karibu na mlango. "Anakaa kitandani kuvua viatu. Stima inaenda, nyumba yote. Halafu, fundi, anaruka anauchukua mkoba haraka haraka, anaingiza mkono ndani. Nikifika mlangoni namkuta ameushika kifuani, anatafuta kitu gizani. Mwalimu akipandisha breka, stima inarudi. Sasa hiyo si dawa ni nini?"

"Anatafuta nini kwenye mkoba?"

"Ndilo swali tulilokuwa tunajiuliza."

Mwalimu Odek alikuwa nyuma yetu. Akasema kwa sauti ndogo, "Tochi. Anaogopa giza kwa sababu ya macho. Mimi ndiye nilimnunulia."



"Na mkoba huwa na nini kingine?" nikauliza.

"Samaki wakavu," mwalimu akasema. "Anatuletea. Anautundika ili paka asiufikie. Baadaye Boke anapeleka samaki jikoni."

Nikautazama ule msumari. Ulikuwa juu ya swichi ya taa, urefu wa mkono mmoja hivi, wima kabisa. Mafundi wadogo, nisikilizeni: waya haushuki kwenye swichi kwa miujiza. Unashuka kutoka darini, umenyooka, ndani ya bomba la plastiki chini ya plasta. Mtu akipiga msumari juu ya swichi, ameupiga kwenye waya. Nilikuwa nimepita mbele ya msumari ule mara mbili. Nilikuwa hata nimetundika koti langu juu yake. Koti ni jepesi.

"Nani aliupiga?"

"Mimi," akasema mwalimu. "Mama alikosa mahali pa kuweka mkoba."

Nikauliza kama mkoba wenyewe upo. Haupo, mama alirudi nao. Nikaomba mfuko, Boke akaleta wa sisali, nikautia mahindi yake kadiri ya uzito ambao mwalimu alikumbuka, nikautundika. Tuliutazama. Kitambo kidogo hivi, msumari ukalegea kidogo chini ya uzito, na kule barazani tukasikia breka ikisema ta! Redio ikanyamaza. Nikautoa mfuko. Mwalimu akapandisha breka, redio ikaendelea na habari. Nikautundika tena. Ta!

Mara ya tatu Boke akasema, "Basi, fundi. Basi." Akaketi juu ya kitanda cha mama mkwe wake, akafunika mdomo kwa leso.

Nilizima stima yote, nikachimba plasta. Msumari ulikuwa umetoboa bomba. Ulilala juu ya waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini, usio na ngozi, na ulikuwa umeukwaruza waya wa moto jirani yake. Bila uzito, ncha yake ilikaa mbali na kovu lile kwa upana wa unywele, na mega haikuona kitu. Mkoba ukiwa na samaki, kichwa cha msumari kinashuka, ncha ndani inapanda, waya wa moto unaguswa. Mkoba ukitolewa, unaachiwa. Hata kuchelewa kwake kulikuwa na sababu: plasta ilikuwa laini, iliachia polepole. Kuubadilisha waya kulinichukua saa moja. Ningeweza kufanya hivyo miezi mitano kabla.

Mwalimu alitaka kumpigia mama yake simu. Nikamwambia apige, lakini mimi nitaenda mwenyewe, kwa sababu maneno yaliyomfukuza yalitoka mdomoni mwangu. Jumapili nikapanda gari mpaka Mbita, na kutoka hapo boti.

Dani Salina alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua omena kwenye sinia kwa vidole. Nilimsalimu kwa Dholuo, na mazungumzo yetu yote yalikuwa kwa Dholuo, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili. Aligeuza kichwa chote ili anione kwa jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika. Dawa ya matone ilikuwa imeisha mwezi wa pili tangu aache kwenda Migori, akaona hakuna haja ya kusumbua watu.

Nilimweleza kila kitu. Nilimchorea msumari ardhini kwa kijiti, mpaka nikakumbuka kwamba huenda haoni mchoro, nikamshikisha msumari wenyewe. Aliupapasa kutoka kichwa hadi ncha.

"Kwa hiyo ni mzigo wa samaki," akasema.

"Ni msumari, mama. Na ni mimi. Nilisema hakuna kosa, wakati nilitakiwa kusema sijaliona. Naomba unisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Umevuka maji." Akaendelea kuchambua omena. "Na mke wa mwanangu anasemaje?"

"Amesema pole sana."

"Amekutuma?"

"Aliniambia nikuambie."

"Mwanangu, wewe ni fundi wa stima," akasema taratibu. "Siku hizi mnatengeneza na hii?"

Alinipa samaki wawili wa kwenda nao, na alinisindikiza mpaka njiani akishika ukuta.

Nilirudi Migori nimejaa hasira, na sijui hata nilimkasirikia nani. Nilimkuta Boke dukani akipima mahindi. Nikamwambia, "Yangu nimemaliza. Yako haibebwi na fundi."

"Fundi, mimi sijawahi kupanda boti. Kwetu hakuna maji, sijui kuogelea."

"Yeye alivuka kila mwezi na jicho bovu."

Alimwaga mahindi ya mizani kwenye gunia, akafunga gunia.

Alikwenda Alhamisi ile ile. Mwalimu aliniambia alitapika kutoka Mbita mpaka kisiwani, akiwa ameshika mkono wa mwanamke asiyemjua, na aliposhuka akaketi kwenye mchanga na sketi yake ya kanisani. Walichosemezana na Dani Salina sikuambiwa, nami sikuuliza. Najua alikaa siku nne badala ya moja. Najua alirudi na mama mkwe wake, wakaenda kwa daktari moja kwa moja kutoka stendi, na jicho la kulia likaokolewa. La kushoto halikurudi. Hilo silipambi kwa maneno. Nyumba ilikuwa na kosa, mimi nikasema haina, na mtu akalipa kwa jicho.

Tangu siku ile mpaka nilipoacha kazi sikumwambia mteja yeyote kwamba nyumba yake ni nzima. Nilisema, "Leo sijaona. Nikumbushe, ulikuwa unafanya nini?" Wengine waliniona nimezeeka, wakaita fundi mwingine anayejua zaidi. Waendelee naye.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye karanga zangu simu ikalia. Ni Boke.

"Fundi, habari ya mashambani? Niko huku Takawiri kwa mama. Kuna hii taa ya sola tulimletea, inazimika saa ingine."

"Boke, mimi nimestaafu."

"Najua, fundi. Ni kuuliza tu."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Dani Salina, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, akipaza sauti ili nisikie: "Ambia yeye mimi iko jikoni! Mbali kabisa na taa!" Halafu wote wawili wakacheka, wakacheka mpaka Boke akashindwa kuendelea. Nilisimama na jembe mkononi, jua likinichoma shingo, nikingoja wamalize ili nimuulize taa ikizimika walikuwa wanafanya nini.